Ripoti ya Moyo wa Mzee Odyek

Mwaka ule hakuna kitu kilichomkera Akidi kama nafasi ya tano kati ya mbavu. Kitabu cha uuguzi kilisema hesabu mbavu upande wa kushoto, fuata mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga, weka vidole viwili kwenye nafasi ya tano, utahisi ncha ya moyo ikigonga. Akidi aliweka viwili. Akaweka vitatu. Akaweka kiganja kizima. Wapi! Kimya.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Tisa kati ya hiyo ilikuwa imeishia langoni kwa duka moja kubwa kule Nakawa, amevaa sare ya ulinzi, anapekua mikoba ya watu na kutukanwa na wenye haraka, mpaka siku moja akasema basi, akajiunga na chuo cha uuguzi pamoja na mabinti ambao angeweza kuwazaa. Walimwita Mama Askari, na wala hawakumwita kwa kunong'ona. Mtihani wa vitendo wa kupima moyo alikuwa ameufeli mara moja, maana alihangaika kutafuta ncha mpaka kengele ikalia angali ameinama juu ya kifua cha mtu. Chuo kilimpa wiki sita arudie. Akifeli tena, ndio kwaheri, arudi langoni akapekue mikoba.

Aliishi Luzira na baba yake, Mzee Odyek, katika vyumba viwili vya kupanga karibu na nyumba za askari jela. Mzee alikuwa askari jela kwa miaka thelathini na miwili, na ingawa alistaafu zamani, bado alipiga pasi suruali yake kila asubuhi utadhani kuna gwaride. Yeye ndiye aliyejitolea.

"Kifua hiki hapa," alisema, akivua shati. "Serikali imekitumia mpaka imechoka. Nawe kitumie."

Basi kila jioni baada ya chai Mzee alijilaza kwenye kochi, na Akidi akapiga magoti na stetoskopu yake. Lakini Mzee alikuwa na sharti lake, na kwa masharti hakuambilika. Kule jela, askari anayetoka zamu husimama wima mbele ya anayeingia akaripoti kwa sauti anachokiacha: wafungwa wangapi, funguo ngapi, hali ya mahali ikoje. Hujaripoti, hujamaliza kazi. Kwa hiyo Akidi, mtu mzima na akili zake, alilazimika kusimama mbele ya kochi, visigino pamoja, akaripoti moyo wa baba yake.

"Mapigo tisini kwa dakika, afande! Sauti ya kwanza nimeisikia, ya pili nimeisikia, afande! Ncha ya moyo..."

Ncha aliipata, tena bila shida, ila mahali pasipopasa kabisa: nafasi ya sita, kule pembeni, karibu na kwapa, ikigonga kwa uzito na upana mpaka vidole vinainuka. Alirudi juu akaanza upya. Kinundu cha mfupa wa kifua, ubavu wa pili, nafasi ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Hamna. Ya sita, pembeni. Ipo!

"Banange, mimi nina vidole vya mbao!" alipiga kelele, akaitupa stetoskopu mezani.

"Taratibu," Mzee alisema kutoka kwenye kochi. "Mfungwa hajakukosea kitu."

Chuoni alimweleza Juliet, msichana wa miaka ishirini na moja aliyefaulu mara ya kwanza na hakuacha mtu asahau. Juliet alicheka mpaka akashika ukuta. "Moyo hauhami, Mama Askari. Uliyepotea ni wewe."

Neno hilo lilimchoma Akidi, kisha likamwingia akilini. Kweli, nani angebishana na kitabu? Kitabu kimeandikwa na watu waliosoma, vidole vyake vimesomea zipu za mikoba. Tangu jioni hiyo aliacha kutafuta. Aligusa panapotakiwa, akahesabu kimoyomoyo, akasimama wima na kutamka kile ambacho mtihani ungetaka kukisikia, ili ulimi uzoee.

"Ncha ya moyo, nafasi ya tano, mstari wa katikati ya mtulinga, afande! Moyo, kawaida!"

"Ripoti imepokelewa," Mzee alijibu, akafumba macho kwa raha. Ikawa hivyo jioni baada ya jioni, wiki tano nzima. Kama Mzee alipumzika mara mbili akitoka bombani na ndoo nusu, Akidi alisema ni uzee na kilima. Alikuwa na mtihani kichwani, na mtihani ulijaa kila mahali.

Siku ilifika. Chumba cha mtihani kilinuka spiriti. Kitandani alilala Masinde, Mkenya muuza vyuma wa Nakawa, mzima wa afya, aliyekubali kupimwa na wanafunzi. Pembeni alisimama Sista Kavugho na karatasi yake, mwalimu kutoka Kongo ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitabasamu kabla ya saa sita. Akidi alinawa, akajitambulisha, akaomba ruhusa, akahesabu mbavu, akaweka vidole viwili kwenye nafasi ya tano.

Tap. Tap. Tap.

Ilikuwa pale pale, ndogo, nyepesi, haizidi upana wa sarafu. Kwanza hasira zilimpanda: wiki sita za kuvitukana vidole vyake bure! Kisha hasira zikakatika, kwa sababu kama vidole ni vizima, basi ni vizima hata nyumbani.

"Endelea," Sista Kavugho alisema.

Aliendelea. Alisikiliza vali zote nne, kila moja mahali pake, akazitaja bila kukosea. Kisha likaja swali la mdomo.

"Ukikuta ncha iko nafasi ya sita, karibu na kwapa, nzito na pana?"

"Moyo umepanuka, Sista." Akidi aliisikia sauti yake mwenyewe ikijibu vizuri, akaichukia. "Chumba cha chini cha kushoto kimesukuma damu kwa nguvu miaka mingi. Mara nyingi ni presha."

"Utamuuliza nini mgonjwa?"

"Kama pumzi inamkata akitembea. Kama miguu inavimba. Kama halali mpaka aegemee mito."

"Na kama anameza dawa zake. Usisahau hilo," Sista alisema, akiandika. "Umefaulu."

Akidi hakushukuru. Alinyakua mkoba akatoka mbio, Sista akabaki amemtolea macho.

Alimkuta Mzee barazani. "Umefaulu?"

"Nimefaulu. Mzee, nionyeshe miguu."

"Sista Akidi! Nilijua! Nilimwambia..."

"Miguu, Mzee!"

Aliinama akaivua soksi mwenyewe. Alipobonyeza kidole juu ya kifundo, shimo lilibaki. Mzee alilitazama shimo hilo, akaingia ndani, akarudi na bahasha ya vidonge.

"Daktari alinipa mwaka juzi," alisema. "Presha. Alisema moyo ni mkubwa, nimeze kila siku. Nilikuficha, usije ukaacha kusoma ukae unanilinda."

"Na unameza?"

"Nilimeza. Kisha wewe ukaripoti kawaida. Yule daktari alinigusa dakika mbili tu. Mwanangu ananipima kila siku, anasimama mbele yangu anasema kawaida. Nikaacha."

Akidi alitaka kumpigia kelele. Kumficha binti yake muuguzi! Kuacha dawa kwa neno la mwanafunzi aliyefeli! Lakini kila tusi lililomjia mdomoni lilikuwa na jina lake yeye.

"Nilikuwa nasoma kitabu, Baba," alisema. "Kifua chako sikukiripoti hata siku moja. Nilikihisi, nikasema uongo, ili nifaulu."

Miaka thelathini na miwili Mzee Odyek aliwafukuza kazi vijana kwa ripoti za namna hiyo. Sasa alianza kufunga vifungo vya shati, polepole, kimoja kimoja, kwa safari ya hospitali.

Njiani kuelekea barabara kuu jirani yao Concy alipaza sauti kutoka kwenye kibanda chake cha nyanya, akiuliza Sista mpya amefaulu au vipi. Mzee alisimama. Aliinua mkono amjibu, uso umejaa fahari, akafungua mdomo, na pumzi haikuja.

"Usiseme kitu, Baba," Akidi alimwambia, akimshika kiunoni kwa mikono miwili. "Niegemee. Pumua tu."