Mchawi Aliyeitikia Marahaba

Kitabu kilikuja ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye begi la shule la mtoto wa dada yangu. Pamoja nacho kulikuwa na karatasi ya kusainiwa kila siku na mtu mzima aliyemsomea. Mtoto alikuwa na miaka sita. Dada anahudumia wazee, anaingia kazini mchana na kurudi mtoto ameshalala. Mimi nafunga maboksi kwenye ghala moja kule Downsview, upande mwingine wa jiji hili la ughaibuni, zamu ya asubuhi, kwa hiyo alasiri namchukua mtoto shuleni na kukaa naye kwao Etobicoke, ghorofa ya tisa. Mtu mzima wa karatasi ile nilikuwa mimi.

Shule yangu iliishia la saba, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Kiingereza nimekiokota kazini. Herufi nazijua zote, lakini sentensi moja hunichukua muda wa kuchemsha chai. Siku ya kwanza nilijaribu kwa dhati. Kabla sijamaliza ukurasa, mtoto alikuwa amelala chali, anapiga sofa mateke.

"Mjomba, geuza," aliniambia. Kiswahili anakielewa vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza. Hapa namwandika kwa Kiswahili.

"Bado sijamaliza."

"Mwalimu wangu angekuwa ameshamaliza."

Nikageuza. Nikaanza kumsimulia kwa Kiswahili yale niliyoyaona kwenye picha. Ilikuwa hadithi ya Kirusi, hilo nilikuwa nimelisoma kwenye jalada. Mwanamke mwenye uso mkali anamwonyesha msichana njia ya msituni. Msichana anakwenda, anafika kwenye nyumba iliyosimama juu ya miguu ya kuku. Ndani kuna bibi kizee mwenye meno ya chuma. Kwamba ni mchawi nilielewa bila kusoma.

Picha iliyofuata, msichana amesimama mlangoni, mikono kifuani, bibi anamtazama. Chini kulikuwa na mistari mitatu. Sikuisoma. Mtoto akisimama mbele ya mzee anasema nini? Nikasema msichana alisema shikamoo, na bibi akaitikia marahaba.

Hapo nikajifunga mwenyewe. Mtu akishakuitikia marahaba anakuuliza habari za nyumbani, anakupa kiti, anakutafutia chochote cha kula. Hawezi tena kukugeukia akakutafuna. Na picha zilizobaki zilikuwa hizi: chungu kikubwa motoni, msichana anakimbia, bibi amekaa ndani ya kinu, mchi mkononi, anamfuata hewani. Chungu nikasema ni maji ya kuoga ya mgeni. Kinu hakikunipa shida. Kwetu kinu ni cha sombe. Nikasema bibi anakipeleka nyumbani kwa kina msichana wakatwange majani ya mihogo pamoja, na msichana anakimbia ili atangulie kuyachuma.

"Na meno ya chuma?"

"Ya kutafunia mihogo mikavu."

Aliridhika. Kesho yake alitaka tena, na kesho yake. Wiki mbili tulikaa na kitabu kile, na kila siku nilisaini.

Jumatatu moja dada alinitumia ujumbe wa sauti. Shule inaalika wazazi Alhamisi asubuhi. Kila mtoto atasimama mbele ya darasa asimulie kitabu alichosomewa nyumbani. "Wangu kachagua kile cha mchawi," alisema. "Eti unamsomea vizuri kuliko mwalimu. Na wewe omba ruhusa kazini uje."

Niliwaza nikae kimya. Lakini angesimama pale aseme sombe na marahaba, wenzake wanakijua kitabu, wangecheka, na mwalimu angekumbuka saini zangu. La saini lilinisumbua kidogo. La kuchekwa lilinisumbua zaidi. Mimi nilichekwa darasani siku moja, nikiwa la tatu, sikunyoosha mkono tena hadi shule ikaisha.

Nilipiga picha kurasa zote kwa simu. Jumanne na Jumatano nilisoma wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya maboksi, kidole kwenye kioo. Neno nisilolijua nililitafuta humohumo kwenye simu. Nilipomaliza, nilijua kwamba mwanamke mwenye uso mkali ni mama wa kambo, na kwamba alimtuma msichana akaazime sindano akijua hatarudi. Bibi aliwasha moto ampike. Msichana alimpa paka wa bibi kipande cha nyama, paka akampa kitana, na kitana kilipotupwa nyuma kiliota kikawa msitu mnene ambao kinu hakikuweza kuupita. Mama wa kambo alifukuzwa. Kitabu kizima, hakuna aliyemwamkia mtu.

Jumatano jioni nilimwambia.

"Kitabu hakisemi vile ninavyokusimulia."

"Kinasemaje?"

"Bibi alitaka kumpika."

Alinitazama. "Lakini alishaitikia."

"Kitabuni hakuitikia. Hakuamkiwa."

"Kwa hiyo msichana hana adabu."

"Aliogopa."

"Ndiyo maana bibi akataka kumpika."

Kisha akaelewa jambo la pili. "Mjomba, wewe ulikuwa husomi."

"Nilikuwa naangalia picha."

"Unajua kusoma lakini?"

"Polepole."

Alichukua kitabu akaenda nacho chumbani, akafunga mlango. Nikaosha vyombo. Sufuria moja niliiosha mara mbili. Aliporudi alikaa kwenye sofa, miguu ameikunja.

"Haya, soma. Sitasema geuza."

Nilisoma kitabu chote, kwa sauti, kila neno. Alisema geuza mara moja tu.

Alhamisi alisimulia kama ilivyoandikwa, haraka, mikono nyuma. Alipofika mlangoni mwa bibi alinyamaza, akanitafuta kwa macho kule tulikosimama wazazi. Nikatazama viatu vyangu. Akaendelea: bibi akawasha moto. Msitu ulipoota wenzake walishangilia, mwalimu akapiga makofi, akaitwa mtoto mwingine.

Watoto waliruhusiwa kuondoka na wazazi. Kwenye basi dada alikaa karibu nami.

"Nimeshika nusu tu. Mtoto anaongea kama anafukuzwa. Hebu nisimulie, si wewe uliyemsomea?"

Nikamsimulia kwa Kiswahili: sindano, moto, paka, kitana. Sikuongeza wala kupunguza kitu kwa makusudi. Dada alisikiliza vituo vitatu.

"Mama wa kambo akafukuzwa, basi?" alisema. "Hawakumwita hata kikao?"

"Hakikuandikwa kikao."

Mtoto, aliyekaa kiti cha mbele yetu, aligeuka akanisahihisha mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa sawa. Mara ya pili alikuwa amekosea yeye, nikamwambia.