Gari Lisilo na Hendeli

Gari letu lilinuka maziwa mala, petroli na moshi wa oloirien, ule mti ambao akina mama wa kwetu huchoma vijiti vyake kusafishia vibuyu. Harufu hiyo ilikuwa imezama hadi ndani ya viti, kwa sababu sikumbuki safari hata moja ambayo hapakuwa na kibuyu cha mtu katikati ya miguu ya mtu. Ndiyo maana mwezi uliopita, binti yangu aliponionyesha kwenye simu tangazo la gari dogo la zamani linalouzwa hapa Kitengela, kilichonipandisha mori kwanza ni maneno kwamba ndani yake mna harufu ya ngozi mpya. Nilizitazama picha. Rangi imepigwa upya, bampa zinang'aa, na zile taa mbili za mbele bado zimekaribiana kama macho ya mtu aliyegutushwa. Namba ilikuwa ile ile. Tangazo lilieleza kwamba gari liliundwa Uingereza mara tu baada ya Vita Vikuu vya Pili, kwamba limekarabatiwa lote, na kwamba kila kifaa chake ni cha asili isipokuwa hendeli, ambayo haikupatikana. Kisha likamalizia hivi: mwenyewe alikuwa mzee mmoja wa Kajiado, aliyewakimbiza akina mama wajawazito hospitalini wakati wa ukame, akalitunza kama mboni ya jicho. Nilisoma mara tatu. Mzee huyo ni baba yangu mkubwa, na hakuliendesha gari lile hata hatua kumi. Aliyeliendesha ni mama yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mwaka ule wa ukame. Tuliishi upande wa Kajiado, mahali ambapo ardhi ni tambarare na vumbi huingia hadi kwenye chai. Papa, yaani baba yangu, alikuwa amemwendeshea gari mwenye ranchi mmoja kwa miaka mingi, na mwajiri wake alipofunga virago kurudi kwao, Papa alimpa fahali, naye akamwachia lile gari dogo ambalo wakati huo lilikuwa kuukuu tayari. Lakini macho yalikuwa yakimwacha Papa. Ule ugonjwa wa nzi na vumbi uligeuza kope zake ndani, zikamkwaruza mpaka akawa anaona vivuli tu. Mwanamume mwingine angeliuza gari. Yeye alimketisha Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama, kwenye usukani, akakaa kando yake na kumfundisha kwa masikio. "Gari inalia, badilisha gea," alikuwa akisema, uso ameuelekeza dirishani kana kwamba anatazama mifugo. Katika uwanda ule wote palikuwa na kichuguu kimoja tu, na Yeyo alikigonga siku ya pili. Watu walicheka wakalia machozi. Baba mkubwa, kaka yake Papa, hakucheka. Alisimama nje ya boma na rungu lake, akasema ndugu yake amekosa macho na sasa amekosa akili pia.

Kazi yangu ilikuwa hendeli. Stata ya gari ilikufa kabla sijazaliwa, kwa hivyo injini iliwashwa kwa chuma kilichopinda mara mbili, unachokichomeka mbele ya gari na kukivuta juu kwa nguvu zako zote. Papa alinifundisha kanuni moja, akairudia hadi nikaiota: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisikikumbatie chuma, maana injini ikikataa, hendeli hurudi nyuma na kukivunja. Mpaka leo nikishika mwiko wa ugali, kidole gumba changu hukaa upande huo huo. Watoto wangu hunicheka. Siwaelezi.

Kisha jirani yetu mmoja akashikwa na uchungu wa kuzaa, siku ya kwanza ikapita, na ya pili ikafika adhuhuri. Wanaume walikaa kando wakishauriana. Baba mkubwa alishauri wangoje lori la mchanga, kwa kuwa haifai wake wa watu kubebwa na mwanamke asiyejua barabara. Yeyo aliyasikia hayo akiwa ameinama anakama mbuzi. Alijifuta mikono kwenye leso, akaniita, "Naserian, hendeli!" Tulifika Kajiado Papa akiwa amekaa mbele na kibuyu mapajani, mimi nikiwa nyuma nimembeba kichwa yule mama, na mtoto alizaliwa salama. Baada ya hapo walikuja wengi, wengine wakitembea kutoka mbali, maana aisifuye mvua imemnyea. Kabla ukame haujaisha, wazee waliozoea kumpita Yeyo kama mti walikuwa wakimwanza wao kwa salamu, "Takwenya," naye akijibu "Iko" bila kuinua mguu kwenye pedeli. Gari likaitwa gari la Mama Naserian, na hakuna aliyeuliza ni nani huyo.

Papa alikufa wakati mvua zilipoanza, kwa kifua. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, baba mkubwa aliitisha kikao bomani kwetu. Husemwa damu ni nzito kuliko maji; mimi siku ile nilijifunza kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Yeyo aliketi chini, miguu ameinyoosha, leso ameitandaza, akakaa vivyo hivyo tangu mwanzo hadi mwisho. Baba mkubwa alisema maneno machache tu, na nimeishi nayo miaka yote hii: "Mwanamke hana ng'ombe, na gari ni kama ng'ombe. Hii ni mali ya ndugu yangu." Watu ambao wake zao walizaa salama kwa sababu ya mama yangu walikuwepo pale, wakatazama viatu vyao. Walipoenda kuliwasha gari hawakuona hendeli. Walipekua nyumba, wakapekua zizi, wakaniuliza mimi, nami nikasema sijui. Yeyo hakuinuka kuwaaga, wakadhani ni majonzi. Alikuwa ameikalia hendeli. Basi wakafunga punda wanne mbele ya gari, baba mkubwa akaketi kwenye usukani na kofia yake, akavutwa mpaka kwake kama gunia la mahindi. Huko gari lilikaa miaka na mikaka likitagiwa na kuku. Hiyo ndiyo mboni ya jicho.

Yeyo sasa ni mzee, anaishi nami hapa Kitengela. Nilipomsomea lile tangazo alienda chumbani akarudi na hendeli, ameifunga kwa leso, akaitia mkobani. "Wakiandika jina langu nitawapa," alisema. "Gari lisikae bila mkono wake." Nilitaka kulia kwa hasira. Alikuwa tayari kusamehe gari, punda na kikao, akidai jina tu.

Kijana mwenye yadi ya kuuzia magari alitupokea vizuri, akamletea Yeyo kiti cha plastiki. Nilimuuliza nani alimpa hadithi ya mzee.

"Kijana yake ndio aliniuzia. Alisema buda yake, huyo mzee, alikuwa ambulance ya hapo Kajiado."

"Buda yake hakuwa anajua kuendesha. Dereva ni huyu mama. Badilisha hiyo tangazo."

Alimtazama Yeyo, akamtazama juu hadi chini, akacheka kwa adabu. "Auntie, sibishani na wewe. Lakini hiyo story imeshaenda, na wateja wanapenda hiyo ya mzee. Hata mkiniletea hiyo hendeli pekee nitawashukuru, gari ikamilike."

Nilimpigia kelele. Sioni haya kusema hivyo. Nilipiga kelele kwa ajili ya yule msichana wa miaka kumi na mmoja aliyesema sijui akanyamaza. Nje ya ukuta wa yadi, wanawake walikuwa wakipita katika barabara ya Namanga wakiendesha magari yao, wengine na watoto nyuma, wengine na nyasi za ng'ombe juu, na hakuna aliyegeuka kuwatazama. Tunaambiwa mambo yamebadilika, na kweli yamebadilika. Enzi zile mtu alimwambia mama yangu usoni kwamba mwanamke hana gari, akalichukua mchana kweupe, lakini jina lilibaki kwake kwa kuwa kila mtu alijua nani alishika usukani. Leo hakuna anayethubutu kusema maneno yale. Wanalipiga gari rangi, wanaling'arisha, halafu wanachukua jina kwa tabasamu na kuniita auntie. Asiyekuwepo na lake halipo, husemwa. Yeyo alikuwepo pale pale, ameketi kitini, na lake bado halikuwepo.

Mteja aliingia wakati huo, mtu wa suti, na kijana akakimbilia gari ili amsikilizishe injini. Alizungusha ufunguo. Gari likakohoa mara moja, likanyamaza. Akajaribu tena na tena. "Betri imelala kidogo tu," alisema huku akifuta jasho, kisha akamgeukia Yeyo. "Hapa ndio hiyo hendeli ingesaidia. Shosh, kweli hujui iko wapi?"

Yeyo aliinuka taratibu. Aliuweka mkoba wake juu ya kiti cha plastiki, akaukalia, akanyoosha miguu.

"Sukumeni," alisema.