Seva Mbili za Ndugu Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini kama fundi wa kompyuta, mwaka 2007, nilielezwa mambo mawili: choo kiko nyuma ya stoo, na wenye kampuni hawaongei. Walikuwa ndugu, Wahindi wazaliwa wa Nakuru, wauzaji wa matrekta, kombaini na vipuri vyake. Mkurugenzi Mkubwa alikaa chini, Mkurugenzi Mdogo ghorofani, na aliyekuwa na neno kwa mwenzake alituma mtu.

Nyinyi vijana mmezoea barua pepe kufika tu. Wakati wetu ilibidi mtu aipangie njia. Kila mmoja alikuwa na seva yake, kompyuta ya kupokea na kugawa barua: Mkubwa aliiwekea mfumo wa Linux kwa sababu ulikuwa wa bure. Mdogo alinunua mfumo wa Windows kwa sababu Mkubwa aliukataa. Anwani ya kampuni ilikuwa moja, kwa hiyo kila barua iliingia kwanza chini, na kazi yangu ilikuwa kuifundisha Linux majina ya watu wa juu ili iwapandishie zao.

Na barua ya jina lisilojulikana? Mkubwa akasema isibaki kwake, apelekewe ndugu yake. Nikapanda juu, Mdogo akatoa amri hiyo hiyo, ishuke chini. Nilikuwa mgeni, nikawatii wote wawili.

Msimu wa kuvuna ngano, mkulima wa Njoro akapiga simu amekasirika. Alikuwa ameagiza vipuri vya kombaini yake, akakosea herufi moja ya jina kwenye anwani. Linux haikulijua jina hilo, ikapandisha barua. Windows haikulijua, ikaiteremsha, ikawa hivyo hivyo juu na chini. Kila seva hugonga muhuri barua inapopita, na mihuri ikizidi, barua hurudishwa kwa aliyeituma.

"Madam, barua yangu imerudi na mihuri kama pasipoti ya dereva wa trela," akasema. "Kama hamtaki biashara yangu, nitanunua Eldoret."

Niliwaita wakurugenzi kwenye chumba cha seva, kila mmoja akidhani ameitwa peke yake. Nikawaeleza kwamba lazima upande mmoja ukubali kukaa na barua zisizo na mwenyewe.

"Mwambie azichukue yeye," akasema Mkubwa. Chumba kilikuwa kidogo, magoti yao yanagusana.

"Mwambie yeye ndiye mkubwa," akajibu Mdogo.

Nikawapelekea maneno, kulia na kushoto, mpaka shingo ikachoka. "Wazee, seva ziko mbili tayari," nikasema. "Mimi sitakuwa ya tatu."

Kisha Mkubwa akamgeukia ndugu yake. "Huyo wa Njoro si ndiye tuliyemuuzia kombaini?"

"Tulimuuzia baba yake," akasema Mdogo.

Mkulima alipata vipuri, na barua zilizopotea zikabaki chini. Kila asubuhi Mkubwa alizichapisha, akapanda ngazi mwenyewe kumuuliza ndugu yake kama anamfahamu msichana wa Urusi anayetafuta mchumba. Alichelewa kurudi, na chai ilipelekwa huko.

Sasa nimestaafu, niko mtaa wa Free Area, hapa Nakuru. Vijana wakija kunionyesha mitambo yao, huwauliza barua isiyo na mwenyewe atakaa nayo nani. Wengi husema hilo litajipanga. Basi nawaachia namba yangu ya simu.