Mahali pa Odette Mbele ya Gari

Kila asubuhi, kwa zaidi ya miaka ishirini, Kalume aliinua boneti ya Land Rover yake kabla ya kuiwasha, na mafundi wenzake wa Kindu walimcheka waziwazi. Gari ya petroli ikilala na baridi huamka kwa shida. Inataka hewa kidogo na petroli nyingi, ndiyo maana mdomoni mwa kabureta kuna kilango cha kuziba hewa, nacho ndicho tunachokiita starteri. Dereva mwenye akili zake hukifunga kwa kuvuta kebo akiwa amekaa kwenye kiti. Kalume hakuwa na kebo. Alikibana kilango kwa kijiti, akakimbilia ufunguo, injini ikishika akarudi mbio kukichomoa kabla haijazimika. Na huyo ndiye fundi umeme wa magari anayesifiwa kuanzia bandarini mpaka stesheni ya reli!

Kebo aliikata mwenyewe, mwaka tisini na nane, vita vilipoingia mjini. Wenye bunduki walikuwa wakichukua kila gari inayowaka. Kalume akakata kebo, kisha akajilaza chini ya usukani na kubadilisha nyaya: mweupe, ambao kwa kawaida hupata umeme ufunguo ukizungushwa, akaupeleka mahali pa ule wa kahawia, wenye umeme wa betri saa zote, na wa kahawia akauleta mahali pa mweupe. Mjuzi yeyote akifuata rangi, apotee. Walikuja mara mbili. Walisukuma, wakatukana, wakaondoka kwa miguu yao.

Siri ilikuwa ya watu wawili, yeye na mkewe Odette. Waliiwasha mara mojamoja tu, mvua ikipiga mabati kwa nguvu, mtaa usisikie. Kalume alikaa kwenye usukani, Odette alisimama mbele ya gari na kuziba kilango kwa vidole viwili. Boneti iliyoinuliwa ilimficha, hivyo Kalume hakumwona, alimsikia tu.

“Shika!”

“Nimeshika!”

“Achia!”

Injini ikitulia, Odette aliishusha boneti, na uso wake ukatokea pale, vidole vinanuka petroli, anacheka kama mtu aliyeiba asikamatwe. Kalume aliupenda uso ule kuliko alivyowahi kumwambia mwenyewe.

Mwaka elfu mbili na mbili mji ulizingirwa. Treni hazikuja, mashamba hayakufikika, na njaa ikakaa ndani ya nyumba. Odette aliamua kwenda Tunda kwa ndugu zake, kwa miguu, pamoja na wanawake wengine, kutafuta unga wa muhogo. Binti yao Espérance alikuwa na miaka minane, akabaki na baba yake.

“Usiguse ile starteri,” Odette alimwambia akiwa mlangoni, ili asimwache na huzuni. “Nikirudia nyumbani, miye njo nitashika.”

Hakurudi. Hakuna aliyemwona amekufa, na hakuna aliyemwona hai.

Vita viliisha. Kalume alitengeneza gari za mji mzima, yake akaiacha. Watu walisema ni uvivu, lakini ilikuwa hofu tupu. Akiitengeneza starteri, atakuwa amesema kwa mikono yake mwenyewe kwamba mkewe hatarudi. Tena kila asubuhi, akiwa kwenye kiti na boneti imesimama mbele yake, kwa muda mfupi hakuwa na uhakika kwamba nyuma ya boneti ile hakuna mtu. Muda ule mfupi ndio uliomlisha.

Mwaka jana Espérance, ambaye sasa anaishi Kisangani, alimletea kwa ndege kabureta yenye starteri ya umeme. Ndani yake kuna springi inayopashwa joto na umeme na kukifungua kilango polepole, bila mkono wa mtu. Kalume aliisukuma chini ya kitanda. Ikakaa huko mpaka wiki iliyopita, alipoachia klachi na kukimbilia kijiti akiwa amesahau gari ndani ya gia. Land Rover iliruka, ikamgonga paja.

Jirani yake, Mama Nuru, alimkuta amekaa chini.

“Baba Espérance, kila siku unatengenezaka motokari za watu, ya kwako njo itakuua?”

Jumapili, akichechemea, aliitoa kabureta chini ya kitanda na kuifunga kwenye injini. Waya wa starteri unataka umeme wakati ufunguo umezungushwa tu, na hilo analijua hata akiwa usingizini. Akauunga kwenye waya mweupe, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi na kuzungusha ufunguo, injini ilizunguka, ikakohoa, ikakataa. Alitazama ndani: kilango kimefunguka wazi, na starteri ni ya moto, ilhali ufunguo ulikuwa mfukoni mwake muda wote alipokuwa kwenye kahawa.

Alichukua muda kuelewa. Mtego aliowategea wenye bunduki ulikuwa umemnasa yeye: waya mweupe ndio sasa wenye umeme saa zote.

Akajilaza tena chini ya usukani, safari hii kuutafuta waya wa kahawia. Ulikuwa umefungwa kifundo cha uzi mwekundu, uliopauka, uliochomolewa kwenye ukingo wa kikwembe, kitenge cha kujifunga kiunoni. Odette. Siku ile alikuwa ameshika taa huku Kalume akibadilisha nyaya, akasema, “Wewe unasahauka kila kitu,” na Kalume akamjibu kwamba fundi hasahau kazi yake. Hakujua kwamba Odette alifunga kitu.

Alilia palepale, mgongo sakafuni, kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia siku zote zile. Kisha akaunga waya wa starteri pale penye uzi, na uzi akauacha.

Alisubiri starteri ipoe na kilango kijifunge. Sasa hapakuwa na sababu ya kuinua boneti. Aliishusha, akaibana, akakaa kwenye kiti na kuzungusha ufunguo. Injini ilishika mara moja.

Mbele yake, kupitia kioo, aliuona uwanja wote mpaka kwenye ukuta wa Mama Nuru: kamba ya nguo, beseni, kuku wawili.

“Achia,” Kalume alisema.

Hakuna aliyekuwa ameshika.