Nyuso za Plasta, La Rochelle

Nyumba tuliyopanga mtaa wa La Rochelle ilikuwa baa zamani, enzi za utawala wa Wazungu. Mwenye baa aliviona visiwa vya Pasifiki kwenye sinema, nadhani, akaamua kuvijenga kusini mwa Johannesburg, mji usio na hata ziwa la maana. Alipamba kaunta kwa mianzi, akafunika dari kwa nyasi kavu, na ukuta mzima akauchora volkano na wasichana waliovaa sketi za majani. Halafu zile nyuso: vichwa vya kahawia vyenye meno makubwa, vimebandikwa kila upande. Kilichozidi vyote kwa ukubwa kilikuwa juu ya godoro langu.

Wazazi wangu, waliotoka Kongo, walipewa ukumbi huo kwa sharti moja: atakayegusa kitu ukutani, ahame siku hiyohiyo. Mwenye nyumba alikuwa anangoja mtu wa kuvinunua.

Nilikulia humo, kwa hiyo sikujua kwamba kuna watu wasiolala chini ya meno. Kile kichwa cha juu ya godoro langu nilikisimulia mambo ya shule, kwa Kizulu, lugha ambayo nyumbani ni mimi tu niliyeimudu.

Wageni Wakongo walipoingia, kila mmoja alizitambua nyuso. Huyu alisema ni za kabila jirani na lao, yule akaapa aliona moja kwa mganga wa kijijini. Pasifiki hakuna aliyetaka kuisikia. Baba, aliyekuwa mlinzi wa ghala, alikigonga kichwa kimoja kwa ngumi.

"Musikie. Ni plasta tu, ndani hamuna kitu."

"Kama ndani iko wazi," mama akasema, "nani anakaaka mule?"

Jumatano alasiri akina mama wa maombi walikuja kwetu. Kabla hawajafika, mama alizifunika nyuso zote kwa vitenge, mimi nikimpa pini. Mwaka ule mdogo wangu wa kike alikuwa anakohoa, kikohozi kikavu kisichosikia dawa, na maombi yote yakawa ya kifua chake. Siku moja mama mwombezi, kiongozi wao, alinyamaza katikati ya sala na kuninyooshea kidole.

"Huyu mutoto analalaka wapi?"

Mama alionyesha godoro langu.

"Na anasemaka na nani pale, kwa luga ya watu wa hapa?"

Vitenge vilitikisika kidogo kwa upepo wa mlangoni. Aliyewahi kunisikia nikiongea pale alikuwa mama peke yake, na hakuniangalia.

"Ijumaa mumulete kanisani," mwombezi akasema. "Asikule kitu mpaka aseme ukweli."

Nilijua habari za watoto walioshukiwa uchawi, wakafungiwa kanisani hivyo, wakashinda njaa mpaka wakakiri chochote walichoulizwa. Niliogopa sana. Na mpaka leo nikiikumbuka ile Jumatano, damu inanichemka.

Baba aliporudi kutoka kazini alfajiri na kuambiwa, hakubishana na mtu. Alichukua nyundo, akapanda kwenye godoro langu na kukipiga kile kichwa mpaka kikapasuka. Ndani mlikuwa na waya na vumbi jeupe.

"Mumeona? Hamuna mutu."

Mwenye nyumba hakuwa na mzaha. Siku hiyohiyo vyombo vyetu vilikuwa barabarani, na baba alivipakia huku akipiga mluzi, maana Ijumaa hakuna ambaye angenipeleka popote. Nilimpenda sana siku ile. Mwombezi alikuja kuagana nasi, akamvuta mama pembeni. Nilikuwa nimebeba sufuria, nikamsikia akimwambia kwamba kitu kilichofukuzwa kwenye plasta kimetafuta pa kuingia.

Chumba kipya, mtaa wa Jeppestown, kilikuwa na kuta tupu. Tulikula, baba akaenda zamu yake, mama akatandika godoro langu na la mdogo wangu yakiwa yamegusana, kama kawaida. Mdogo wangu akakohoa. Mama aliacha kutandika, akasikiliza. Kisha akalivuta godoro la mdogo wangu mpaka ukuta wa pili, akajilaza katikati yetu, akaniangalia.