Keria ya Baiskeli za Stima

Baiskeli zetu za stima zingeingia ndani ya gari vizuri tu, ukilaza viti vya nyuma. Shida ilikuwa mama yangu. Viti vikilazwa, mama angekaa mbele, bega kwa bega na mume wangu, maana mimi sijui kuendesha, na kwetu Ukambani jambo hilo halifanyiki. Mama mkwe na mkwe wake wana nthoni: hawagusani, hawatazamani, akitokea huyu yule anapitia nyuma ya nyumba. Kwa hivyo tulihitaji keria ya kufunga baiskeli nje, mama abaki na kiti chake cha nyuma kwa heshima.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari huku Makueni alikuwa amempa siku ya upasuaji. Ukikosa siku yako unarudi mwisho wa foleni, na kwa umri wake niliogopa foleni ile ingemshinda. Nyumba yake iko Kitui, ndani ya vichaka, mwisho wa kijia ambacho gari haliingii, na goti lake halitembei mbali. Ningempakia kwenye baiskeli hadi barabarani, apande gari, alale kwetu Kibwezi, asubuhi hospitali. Baiskeli tungeiacha kwake? Hakuna stima ya kuichaji.

Basi mume wangu akaanza kuchagua keria. Weee! Huyu mtu alistaafu ualimu akawa mwanafunzi wa video. Alitazama Wazungu wakipakia baiskeli kwenye theluji mpaka chai ikapoa. Jumapili akaomba ushauri nje ya kanisa, wazee wote wakatoa maoni, na hakuna hata mmoja mwenye baiskeli. Keria ya juu ya paa ikakataliwa kwa sababu ya viuno, maana baiskeli ya stima ni nzito kama ndama. Ile inayokaa kwenye ndoano ya kuvutia trela, ambayo ndiyo ya uzito huo, ikakataliwa kwa sababu gari letu halina ndoano na yeye hana subira na mafundi. Mwishowe akanunua ile ya mikanda, huko Malili, inayoning'inia kwenye mlango wa buti. Inakunjika vizuri, na muuzaji aliapa ni orijino.

Nikasoma karatasi iliyokuwa ndani ya boksi. Ilisema wazi: isibebe baiskeli za stima.

"Hayo wanawaandikia Wazungu," akasema mume wangu. "Wanaogopa kushtakiwa. Sisi tutaongeza blada."

Blada! Kwetu hakuna kisichofungwa kwa vipande vya mpira wa tairi, awe mbuzi, kiwe kitanda. Pasta naye akaja, akaiwekea keria mikono, akaombea safari. Mimi nilisema amina kubwa kuliko wote, maana mimi nilikuwa nimesoma karatasi.

Kwenda ilikubali. Tulibeba baiskeli zote mbili, ingawa kazi ilikuwa ya moja, kwa sababu keria ilikuwa na nafasi mbili. Mume wangu akabaki barabarani, amekipa mgongo kile kijia, anatazama miiba. Nikamleta mama polepole, amenishika kiuno, akaingia nyuma.

Kurudi, tulipopita Ikutha, nyuma kukalia kraa! Mikanda ilikuwa imekatika upande mmoja, mlango wa buti umepinda, baiskeli inaburuzwa kwenye lami. Blada zilibaki zimekumbatia kibao cha namba.

"Tuziache kwenye duka lile," nikasema.

Alinitazama kama nimesema tuwaache watoto. Nikamshusha mama, nikamketisha kwenye jiwe, tukalaza viti na kuziingiza baiskeli. Nyuma ikabaki nafasi ya mtu wa kujikunja, na goti la mama halikunjiki. Kilichobaki ni kiti cha mbele. Mume wangu alipoliona hilo akaenda kusimama mbali. Eti tungoje gari lingine limchukue mama. Jua lashuka, daktari ni asubuhi! Hasira ilinipanda mpaka nikalia. Mtu haachi baiskeli, haachi nthoni, ila macho ya mama yangu ndiyo anaweza kuyaacha?

Mama akauliza kuna nini. Nikamweleza yote.

"Mwambie aingie," akasema. "Mimi simwoni. Wakishanitoa huu ukungu ataendelea kujificha."

Akapapasa mlango, akaketi mbele. Mume wangu akaendesha akiwa ameganda, amejibana upande wake, jasho likimtoka. Mimi nyuma, pedali kwenye mbavu. Tulikwenda hivyo mpaka mama akasema nami, bila kugeuza kichwa.

"Hebu muulize. Hicho chuma kilichovunjika, ni yeye alikichagua?"

"Mwambie ni mimi," mume wangu akanong'ona.

"Haya," akasema mama. "Basi kesho daktari amwangalie na yeye."