Poda ya Watoto

Lori la dizeli likigoma kuwaka asubuhi, mama mmoja fundi wa malori hakimbilii spana. Hufuta mabomba yakauke, hupaka poda ya watoto kwenye maungio, hupampu dizeli kwa mkono, kisha hukaa akijipepea kwa kofia. Dereva wa leo alikuwa roho juu, nyanya zikizidi kuiva nyuma.

"Mama, ni betri tu hiyo!" akasema, akalipiga tairi teke.

Fundi hakubanduka. Chini ya chujio la dizeli, poda ikaanza kulowa palipovuja.

"Mtoto kajikojolea usiku kucha, hewa imemjaa tumboni, nawe unampiga!"

Akakaza nati, akatoa hewa. Lori likawaka papo hapo. Dereva akatazama huku na huku, kisha akalipapasa lile tairi.